Sanduku la maoni limejaa sifa, wagonjwa wanahama

*Safu ya Muuguzi Mstaafu*

Mama, shikamoo.

Mimi ni tabibu, nina zahanati yangu binafsi katika mji mdogo mkoani Tanga, huu ni mwaka wa sita. Niliifungua baada ya kuacha kazi serikalini, kwa mkopo wangu na kiwanja cha mume wangu. Tuko watano: mimi, muuguzi mmoja, kijana wa maabara, dada wa usafi, na wifi yangu ambaye anakaa mapokezi na kupokea fedha.

Tangu mwaka jana wagonjwa wamepungua. Siyo kwamba watu hawaugui. Nawaona wakipita kwa bodaboda mbele ya mlango wangu kwenda zahanati iliyo ng'ambo ya barabara kuu, na wengine wamebeba daftari ambalo mwandiko wa ndani ni wangu.

Nikasema basi niwaulize. Nikamwambia fundi anichongee sanduku la maoni, la mninga, lenye kufuli, nikaliweka juu ya kaunta ya mapokezi ili kila anayeingia alione. Ufunguo nikampa wifi. Lilikaa miezi minane. Nilipolifungua nikakuta vikaratasi 11. Saba ni sifa tupu, "huduma nzuri sana Mungu awabariki", na nilipoviweka pamoja nikaona vinne kati ya hivyo vina mwandiko mmoja. Viwili ni maganda ya pipi. Kimoja kinaomba tuanze kukopesha dawa. Kingine mtu kaandika "TV punguzeni sauti jamani", nadhani ni mtoto alikuwa anacheza.

Nikajaribu fomu niliyoipata mtandaoni, ile ya kuuliza kwa kipimo cha 1 hadi 10 una uwezekano gani wa kutupendekeza kwa rafiki. Mzee mmoja akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Daktari, unataka nimwombee rafiki yangu augue?" Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka. Lakini fomu zote zilirudi na 10.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa msibani mtaa wa pili. Nimejitanda kanga, nimekaa na kina mama tunachambua mchele. Wawili nyuma yangu hawakunitambua. Mmoja anasema, "Mimi kule sirudi. Ukienda na fangasi unatangazwa dirishani mpaka bodaboda wa nje wanajua unakojikuna." Mwenzake akadakia, "Na ukiuliza dawa hii ya nini, unaambiwa si imeandikwa hapo." Wakacheka sana. Ile sauti ya kwanza naijua. Ni mgonjwa wangu wa presha, hajarudi tangu Ramadhani. Niliinamia ungo wangu mpaka shingo ikauma.

Mwenye dirisha ni wifi. Nilipomgusia mume wangu akasema dada yake ana sauti kubwa tangu utotoni, ndivyo alivyoumbwa. Rafiki yangu mmoja ananishauri nitoe kipande cha sabuni kwa kila anayejaza fomu. Mwingine anasema nimtume mtu ajifanye mgonjwa aje kuchunguza. Nifanye nini niupate ukweli bila kungoja msiba mwingine?

Tabibu wa Ungo, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole na hiyo shingo.

Kitu ulichokitafuta miezi minane umekipata kwa nusu saa, tena bure, na ukitulia utaona kwa nini. Pale msibani ulikuwa mama mwenye kanga kama wao. Kwenye zahanati yako wewe ni mtu ambaye mlango wake utagongwa saa nane usiku mtoto akishikwa na degedege. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tumezoea kuitumia methali hiyo kuwasema wasio na shukrani, lakini hebu isome ukiwa umekaa kwenye benchi la wagonjwa. Ni hesabu ambayo yule mama wa presha anaipiga kila akishika kalamu. Akikueleza ukweli leo, kesho anarudi kulipa kwenye dirisha lile lile.

Mimi nimekaa wodini zaidi ya miaka thelathini, na nimewahi kuwa upande unaolalamikiwa. Hospitali moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa muuguzi kiongozi. Siku moja akaja na vikaratasi kwenye ripoti ya asubuhi akasoma kimoja kwa sauti: nesi wa usiku ana lugha chafu, nimeomba beseni mara tatu. Akainua macho akauliza nani alikuwa zamu. Nilikuwa mimi. Kabla ya saa sita mchana wodi nzima ilikuwa inajua ni kitanda kipi kilichoandika, na mimi, Mungu anisamehe, siku zote zilizobaki nilimpa yule mama dawa zake bila kumsalimia. Hakuna niliyemkosea kazini kuliko yeye. Sanduku lile halikupata tena chochote ila "ahsanteni" mpaka nilipohamishwa.

Nilipostaafu, zamu yangu ya kukaa benchi ikafika. Kijana wa dirisha la dawa amenishikia vidonge vyangu, bado hajaviachia, ananiuliza, "Bibi, umeridhika na huduma?" Mkono mmoja dawa, mkono mwingine kalamu. Nikasema sana mwanangu. Nimefika nyumbani sijui kama kile kidonge cheupe ni kabla ya kula au baada ya kula. Mimi huyu, nesi.

"Umeridhika?" ni ndugu yake "hujambo?" Jibu limo ndani ya swali, na mtu mwenye adabu anajua analotakiwa kusema. Unaweza kumuuliza hivyo hata mgonjwa anayetetemeka kwa malaria, atakwambia sijambo kwanza ndipo aeleze homa. Na ile fomu yako ya kupendekeza, mzee alikuwa sahihi kabisa. Uingereza hospitali za umma zilianza kuwauliza wagonjwa swali la namna hiyo mwaka 2013, kama wangeipendekeza huduma kwa ndugu na marafiki. Mwaka 2020 wakaliondoa, wakaweka swali la kawaida tu la huduma ilikuwaje, na nafasi ya mtu kueleza kwa maneno yake. Wao waliolijaribu wameliacha, sisi tunalipakua.

Uliza kilichotokea. Ulifika saa ngapi, ukaonwa saa ngapi? Ulipokuwa unaeleza shida yako, kuna mtu mwingine aliyekuwa anasikia? Uliambiwa unaumwa nini? Dawa hii uliyopewa ni ya nini, unaimeza mara ngapi? Bei ya kipimo uliijua kabla ya kutolewa damu au baada? Mtu hawezi kulijibu swali la saa ngapi kwa kusema "nzuri". Na ukiuliza wagonjwa ishirini dawa zao ni za nini, wanane wakabaki wanakutazama, hapo huhitaji mtu akueleze kama ameridhika.

Kuna swali moja ninalolipenda kuliko yote, nililijifunza kwa mkunga mwenzangu: kama mdogo wako anakuja hapa kesho, utamwambia ajiandae na nini? Pale mgonjwa haoni kama anakulaumu, anamhurumia mdogo wake tu. Utasikia mambo. Nitamwambia aje na maji ya kunywa. Nitamwambia asikae benchi la dirishani. Nitamwambia akimaliza kwa daktari asiondoke mpaka aulize.

Nani aulize, hilo ndilo kubwa, na siyo wewe. Wala siyo mtu yeyote wa kaunta, wala siku ile ile mgonjwa bado ana homa na anatafuta nauli ya kurudi. Tafuta mtu mzima mwenye ulimi wa taratibu, kwa mfano mwalimu aliyestaafu, anayejua kunyamaza, umlipe kidogo kila mwezi na asaini kutunza siri. Mpe jina, namba ya simu na tarehe ya kuja. Ugonjwa usimpe, hauhitaji. Majina usiyachague wewe maana utachagua wanaokupenda. Fungua rejista, hesabu, kila jina la kumi ndilo linalopigiwa. Halafu ongeza na wale ambao hawakurudi: aliyetakiwa kupima presha baada ya mwezi hakuonekana, aliyeacha vidonge katikati. Wanaokuja kila wiki watakusifu daima, ndiyo maana wanakuja. Aliyehama ndiye anayejua mlango unavujia wapi.

Hapo kwenye simu nenda polepole, maana unaweza kumuumiza mtu. Simu zetu hazina mwenye mmoja. Anapokea mume, anapokea mama mkwe, anapokea mtoto wa darasa la tano na kuweka spika. Umewahi kuwa na mama anayekuja kuchoma sindano ya uzazi wa mpango bila nyumbani kujua. Fikiria anapigiwa simu jioni kuulizwa huduma ya Jumanne ilikuwaje, na aliyepokea siye yeye. Kwa hiyo mgonjwa aulizwe mwanzoni, anapoandikishwa, kwa sauti ya chini: tunaweza kukupigia baadaye, na kwa namba ipi? Akisema hapana, ni hapana na iandikwe. Akipokea mtu mwingine, mwalimu wako aseme atapiga tena, akate, asitaje zahanati. Meseji zisiwe na jina la ugonjwa wala la kipimo. Huu si uungwana peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na zahanati ndogo haina msamaha kwa sababu ya udogo wake.

Sanduku usilitupe, mninga ni ghali. Lihamishe tu. Kuliweka juu ya kaunta, mbele ya macho ya anayelalamikiwa, ni sawa na kumwambia mtu apige kura ya siri huku mgombea amemshikia karatasi. Lipeleke kwenye ujia wa kwenda chooni, mahali ambapo mtu anapita peke yake na hakuna anayejua kama ameandika au amejisaidia. Weka vikaratasi vilivyokatwa tayari na penseli ya kufunga kwa kamba. Kalamu ya wino itaondoka siku ya kwanza. Ufunguo akae nao mtu wa nje, mjumbe wa mtaa au huyo huyo mwalimu, lifunguliwe Ijumaa ya mwisho ya mwezi mbele ya watu wawili, na wewe ukabidhiwe yaliyoandikwa yakiwa yamenakiliwa upya. Mwandiko wa mtu usiuone. Utatamani kuuona, najua, na hiyo ndiyo sababu ya kutouona. Kwa wasioandika, makopo mawili yenye tundu juu, moja ndiyo moja hapana, swali moja kwa wiki, mgonjwa anapewa kizibo cha soda akitumbukize. Watoto wakipagundua wiki hiyo ifute, utajua kwa wingi wa vizibo.

Na usijidanganye kwamba kuwa na sanduku ni kuwa na maoni. Tangu serikali ianze kuvipima vituo vya ngazi ya msingi kwa nyota mwaka 2015, mimi nimeona masanduku yakipakwa rangi jana yake ya ukaguzi, kufuli limeshika kutu na ufunguo haujulikani uliko.

Sasa wifi.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye kile kikaratasi ulichosema ni mtoto alikuwa anacheza. TV punguzeni sauti jamani. Mwanangu, mtoto haombi TV ipunguzwe. Hicho ndicho kikaratasi pekee cha kweli kwenye sanduku zima na umekiweka fungu moja na maganda ya pipi. Hebu kesho kaa kwenye benchi lako saa nne asubuhi, watu wakiwa wengi. TV inapiga tamthilia, feni inanguruma, mgonjwa amesimama nje ya kioo anasema kwa aibu, kwa sauti ya chini. Wifi hasikii. Anauliza, "Nini?" Mgonjwa anarudia. "Fangasi? Za wapi?" Huyo anapaza sauti kwa sababu yeye mwenyewe hajisikii. Sisemi kwamba hana kosa. Nasema ukianza na TV utakuwa umeanza na kitu ambacho si wifi wa mtu.

Zima TV asubuhi, au ihamishie upande wa nje. Sogeza benchi la kwanza hatua tatu nne kutoka dirishani. Na kuanzia Jumatatu dirishani mtu aulizwe jina, umri na kama ni mgeni au wa kurudi. Shida yake ataieleza ndani, mlango umefungwa. Karani wa mapokezi hana haja ya kujua fangasi ziko wapi. Hilo ni agizo la kituo kwa wote, halimtaji mtu.

Kisha zungumza naye, nyinyi wawili, ofisini, siyo jikoni kwa mama mkwe. Mume wako mtangulie kumwambia ili asije akaipata kwa dada yake ikiwa imeshapikwa, lakini usimtume yeye akaseme. Akisema yeye litakuwa jambo la ukoo, utaitwa kikao. Ya msibani usiyataje hata kidogo, maana mji wenyewe ni huo huo na ataanza kuhesabu nani alikuwa amekaa wapi. Mwambie ulichokiona na kukisikia wewe mwenyewe ukiwa kwenye benchi. Na vile vikaratasi vinne vya mwandiko mmoja, kama ni vyake, viache. Mtu anayejiandikia sifa usiku anaogopa kufukuzwa. Ufunguo unatoka mikononi mwake kwa sababu ya utaratibu mpya, basi. Ikiwa miezi mitatu imepita, TV imezimwa, dirishani haulizi tena ugonjwa, na simu za mwalimu bado zinaleta malalamiko ya lugha ya wifi, hapo ndipo mtakaa kama mwajiri na mwajiriwa, na kuna kazi nyingine za kumpa ambazo hazina dirisha.

Ile "si imeandikwa hapo" sijui ni ya nani, na wewe usikimbilie kusema ni wifi. Inaweza kuwa ya muuguzi. Inaweza kuwa yako, saa kumi jioni, umechoka, mgonjwa wa arobaini.

Sabuni usitoe. Ukimpa mtu kipande cha sabuni kabla hajaandika, umeshamwambia cha kuandika. Mgonjwa wa kujifanya mwache pia: kwenye mji wa watu wanaojuana atatambulika kabla hajakaa, na atakuwa amechukua zamu ya mtu mwenye homa ya kweli.

Jambo moja litenge na haya yote. Ikija habari ya mtu kuombwa hela ya pembeni, au mgonjwa kushikwa asipotaka, au dawa isiyo yake kutolewa, hayo usiyaweke kwenye hesabu za mwezi. Yanashughulikiwa siku hiyo hiyo, na pale mlangoni pabandikwe kwamba mtu anaweza kwenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri bila kupitia kwako. Itakuuma kubandika. Bandika.

Yule mama wa presha usimfuate nyumbani kumuuliza kwa nini haji, atajua ulikuwa kwenye ungo. Mwalimu atamfikia kwa zamu ya wasiorudi, kama wengine. Wewe nunua ubao mweusi na chaki, utundike nje chini ya paa mahali ambapo hata anayepita kwenda ng'ambo ya barabara anasoma bila kuingia. Upande wa kushoto andika Mlisema, wa kulia Tumefanya. Hata yale usiyoyaweza yaandikwe: mlisema tukopeshe dawa, hatuwezi, lakini bei tutakutajia kabla ya kipimo. Mstari wa kwanza unao tayari. Mlisema TV ina kelele. Tunaizima mpaka saa nane mchana. Weka na tarehe.